Nanga Yuko Hewani

Simu ya marehemu ilikaa karakanani, kwenye rafu ya vitambaa, juu ya bunda la velveti ya kijani ambayo hakuna mteja aliyewahi kuitaka. Kila asubuhi fundi wa makochi alifungua mlango, akafagia vumbi la sponji la jana, akaichomeka simu ile kwenye umeme kabla ya kuichomeka ya kwake. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Aliwaza tu kwamba siku ikiishiwa chaji kabisa, kitu fulani kitakuwa kimekwisha, naye hakutaka kiishie mikononi mwake.

Shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, ndiye aliyemletea simu hiyo baada ya msiba. Aliitoa kwenye mkoba ikiwa imeviringishwa kwenye leso.

"Kaa nayo wewe, shemeji. Mimi ikilia naruka kama nimekanyaga kaa la moto."

"Ni nani wanaopiga?"

"Wenzake wa hisa. Mchana kutwa ni tiriri, tiriri. Hawajui kama amekufa, na mimi sina mdomo wa kuwaambia."

Hata fundi hakuwa na mdomo huo. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi pembeni mwa masikio, lakini mteja akija na maneno mengi alijibu akiwa ameinamia kochi, misumari midogo ikiwa midomoni, ili apate sababu ya kutosema sana. Basi simu ikakaa, na wenzake wa hisa wakabaki hawajui.

Kaka yake alikuwa mtunza stoo katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Siku duka lilipoacha madaftari na kuanza kutumia programu ya kompyuta, yeye aliipenda programu ile kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. "Haisahau," alikuwa akisema. "Mimi nasahau, bosi anasahau, yenyewe haisahau." Akaulizia kampuni inayoitengeneza, akaambiwa iko kwenye soko la hisa, na mtu yeyote anaweza kununua kipande. Akanunua kipande, na baadaye vingine. Akaingia kwenye kundi la simu la watu kama yeye, wenye hisa chache chache: wauguzi, madereva, mama mwenye duka la vipodozi, na jamaa mmoja aliyejiita Mhasibu ambaye ndiye aliyeanzisha kundi.

Bei ilipoanguka mara ya kwanza, kukawa na kelele kundini. Huyu anasema tukimbie, huyu anasema tumeliwa. Kaka mtu akaandika mstari mmoja tu: "Mimi nimetia nanga hapa." Tangu siku hiyo wakamwita Nanga.

Bei ikapanda kidogo, ikaanguka tena, na sasa, miezi kadhaa baada ya mazishi, ilikuwa inateremka taratibu kama maji yanayovuja kwenye pipa. Wateja wakubwa walikuwa wameihama kampuni. Mkurugenzi alikuwa amebadilishwa. Na ilisemwa kwamba siku hizi kompyuta zinajiandikia programu zenyewe, sasa nani atalipia za watu?

Hayo yote fundi aliyajua kwa kusoma. Alianza kwa kufungua simu ili tu ione mwanga, ndivyo alivyojiambia. Siku moja alipokuwa anasoma, palepale mbele ya macho yake mtu akaandika:

"Jamani, Nanga yuko hewani. Namuona."

"Nanga! Umepotea mzee. Unasemaje? Tuuze?"

"Hajibu. Anasoma tu."

"Kama angekuwa ameuza angeshaondoka kundini. Kimya chake ndicho jibu. Yupo."

"Basi kama Nanga yupo, na mimi nipo."

Fundi aliiweka simu chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Nje kulikuwa na jua kali, fundi vioo wa jirani alikuwa anakata kioo huku akiimba, watu walikuwa wanapita na mambo yao. Lakini mle ndani kaka yake alikuwa ameitwa, na kaka yake alikuwa ameitika. Kimya cha mtu aliyezikwa kilikuwa kimehesabiwa kuwa ushauri wa biashara.

Tangu siku hiyo hakuwa peke yake karakanani. Hakuona kitu, wala si mtu wa kuona vitu. Lakini alipofungua kochi kuukuu na kutoa sponji, akakuta pale mtu alipozoea kukaa pamezama, alikuwa akiliondoa sponji lile upesi na kuligeuza uso chini.

*

Shemeji alikuwa akija kila Jumamosi mchana. Alikaa kwenye kiti chochote kilichokuwa kimekamilika, akavua viatu, akauliza swali lilelile.

"Haya, niambie. Niuze, nisiuze?"

Mirathi ilikuwa imeshamalizika na hisa zilikuwa zimehamia jina lake. Neno lake moja tu kwa dalali wa hisa lingetosha. Alitaka kuhama. Binti yake alikuwa ameolewa mji mwingine, na alikuwa amempatia mama yake chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango wa barabarani, mahali pazuri pa kufungulia duka la vifaa vya shule. Mtaji wa duka ulikuwa ndani ya hisa zile. Kila wiki bei iliposhuka, duka lile nalo lilikuwa linapunguka: mara limepoteza mashine ya kutolea nakala, mara limepoteza rafu za upande mmoja.

"Wewe ndiye unayesoma hayo mambo yao," alisema. "Mimi nikisoma naona wote wana akili, halafu wote wanagombana."

Naye fundi, misumari ikiwa mdomoni, alikuwa akijibu, "Tusubiri kidogo, shemeji."

"Tusubiri?"

"Tusubiri. Wanasema itarudi."

Shemeji alikuwa akishusha pumzi, akavaa viatu, akaaga. "Haya. Mpaka Jumamosi." Na Jumamosi ilikuwa inafika, naye anakuja, na fundi alikuwa ameshapangusa kiti.

Fundi vioo, aliyekuwa na masikio marefu kuliko rula yake ya kupimia, aliingia kwake siku moja mara tu shemeji alipoondoka.

"Fundi, hao watu wa kwenye simu unawaamini?"

"Wanaonekana wanajua."

"Kujua wanajua. Mimi najua vioo, si ndiyo? Nikikwambia hicho kioo chako cha dirishani kimekuwa kibovu, ujue nataka kukuuzia kingine."

"Sasa wewe ni mwizi."

"Mwizi kwa nini? Kioo chako kweli ni kibovu! Lakini umeniuliza kwa nini nimekwambia leo?" Akacheka hadi akashika mlango. "Kodi ya banda, baba. Kodi imefika."

Akaenda zake, lakini maneno yake yalibaki yakizunguka mle ndani kama nzi. Fundi akaichukua simu ya marehemu, na kwa mara ya kwanza hakusoma watu walichosema. Alisoma kwa nini wamesema. Kulikuwa na jamaa mmoja ambaye kila siku aliandika kwamba kampuni inakufa, imekwisha, takataka. Fundi akarudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani akaona kuwa jamaa huyohuyo alikuwa akiulizia kila mara, "Nani anauza? Mimi nasaidia kuchukua." Alikuwa anaitukana mali ili aipate kwa bei ya kutupa. Mama wa vipodozi alikuwa anaisifu kampuni asubuhi na jioni, na ukisoma vizuri unaona alikuwa anajisifia mwenyewe, ili asije akaonekana mjinga mbele ya mumewe aliyemkataza. Kila mtu alikuwa na lake.

Halafu akafika kwa Mhasibu.

Mhasibu hakuwa mtu wa kuandika. Alituma sauti. Sauti nzito, ya pole pole, ya mtu anayejua watu wanamsikiliza. Fundi alizisikiliza akiwa anavuta kitambaa kwenye mkono wa kochi, zile za zamani kwanza, alizokuwa akizisikiliza kaka yake. "Tusiuze, ndugu zangu. Tusiogope. Tuko pamoja humu." Akasikiliza nyingine. Tusiuze. Nyingine. Tusiuze, tukaze moyo. Akafika kwenye za mwezi uliopita.

"Msiuze, ndugu zangu. Msiogope."

Aliacha kuvuta kitambaa. Akarudisha nyuma, akasikiliza upya. Msiuze. Akaenda mbele, kwenye ya juzi. Msiuze. Kazeni moyo. Sauti ilikuwa ileile na upole uleule. Lakini yule mtu hakuwemo tena ndani ya maneno yake. Alikuwa ametoka nje, akafunga mlango, na sasa alikuwa anawasemesha kupitia dirishani.

Vidole vya fundi vilikuwa vinene, vimezoea nyundo, na hakuwa amewahi kuandika neno hata moja katika simu ile. Aliandika pole pole, akafuta, akaandika.

"Mhasibu, zamani ulikuwa unasema tusiuze. Siku hizi unasema msiuze. Wewe bado umo?"

Akabonyeza. Pale juu ya ujumbe pakatokea jina la kaka yake na picha yake, akiwa amevaa shati la kazini, anacheka.

Mtu akaandika, "Nanga kasema!" na mwingine, "Mhasibu, jibu mzee." Kabla fundi hajasoma zaidi, simu ikaanza kulia mkononi mwake. Mhasibu alikuwa anapiga.

Angeiacha ilie. Kwa kawaida angeiacha. Lakini mlio ule, katika chumba kile, alihisi unamwita mtu mwingine aliye nyuma yake ambaye angenyoosha mkono na kuipokea, kwa hiyo akaipokea yeye haraka.

"Haloo."

"Nanga! Kaka, mbona unanianika mbele ya watu?"

Watu wengi walikuwa wamesema tangu utotoni kwamba ndugu hawa wawili wana sauti moja. Fundi hakujibu. Mhasibu akauchukua ukimya ule kama wenzake walivyokuwa wakiuchukua, akaujaza mwenyewe.

"Sawa, nimeuza. Umenishika. Nimeuza zote. Mke wangu amelazwa, na hata asingelazwa, nilikuwa nimechoka kuamka na moyo unadunda. Lakini niwaambie vipi? Ni mimi niliyewaingiza humo, mmoja mmoja. Wakikimbia leo wakapata hasara, watanitafuta mimi. Bei ikirudi, kila mtu amepona, hakuna aliyeumia. Si ubaya huo."

"Mm," fundi alisema.

"Na nikwambie ukweli, nilikuwa nakusubiri wewe. Nilijiambia, Nanga akiuza tu, siku hiyohiyo nitawaambia wote watoke. Kila asubuhi naangalia kama umeondoka kundini. Bado upo! Nikasema, basi labda huyu mzee anaona kitu nisichokiona. Unaona nini, kaka?"

"Nanga amekufa," fundi alisema. "Alifariki mwaka jana."

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake."

"Mdogo wake." Sauti ya Mhasibu ilikuwa imepoteza ule uzito. "Na umekaa humo muda wote huu, unasoma, watu wanakuona hewani, wanalala usingizi kwa sababu yako. Leo unaniuliza mimi kama nimo? Una hisa wewe?"

"Sina."

"Sasa wewe unatafuta nini humo ndani?"

Akakata.

*

Swali lile halikumtoka. Lilikuwa naye kazini, lilikuwa naye akila, lilikaa kwenye kila kochi alilolifungua. Unatafuta nini humo ndani? Alijibu kwamba anamsaidia mjane wa ndugu yake, na jibu lilikuwa zuri, lakini kila alipolisema moyoni alilisikia likisemwa kwa sauti nzito ya pole pole, sauti ya mtu wa msiuze.

Jumamosi shemeji alikuja, akakaa, akavua viatu.

"Haya, niambie."

"Tusubiri," neno likamtoka kabla hajalifikiri, kama nyundo inavyojiangukia yenyewe juu ya msumari.

Shemeji hakushusha pumzi kama siku zote. Alikuwa anamtazama.

"Shemeji, nikuulize. Hiyo 'tu' ni ya nani?"

"Ipi?"

"Tusubiri. Wewe una hisa humo?"

"Sina."

"Una duka linalosubiri?"

"Sina."

"Basi ni nani na nani wanaosubiri?"

Hakulisema kwa ukali. Alilisema akisugua kisigino chake kilichochoka. Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo. Ilikuwa mara ya kwanza shemeji kumwona mdomo wake mtupu katikati ya kazi. Alitaka kumweleza kuhusu Mhasibu, kuhusu jamaa anayetukana mali, kuhusu mama wa vipodozi. Kumbe alikuwa amewachambua wote na kumruka mmoja. Kila alipomwambia shemeji asubiri, alikuwa ameinunulia nafsi yake Jumamosi nyingine. Na siku hisa zikiuzwa, simu haitalia tena, Nanga hatakuwa hewani, na kiti hiki kitamsubiri mteja tu.

"Uza, shemeji," alisema.

"Dakika hii umesema tusubiri, sasa hivi unasema niuze. Kimebadilika nini, kampuni?"

"Kampuni siijui. Sikuwahi kuijua."

"Sasa ushauri wote huu ulikuwa unautoa wapi?"

Fundi akainama akaokota kipande cha uzi kilichokuwa sakafuni, ambacho hakikuwa na kazi yoyote. Shemeji akavaa viatu.

"Jumatatu nitakwenda kwa dalali," alisema. "Ukitaka unisindikize."

Alipoondoka, fundi akaketi na simu ya marehemu. Safari hii hakufuta hata herufi. Aliandika kwamba mwenye simu hii alifariki mwaka jana kwa maradhi ya moyo, kwamba anayeandika ni mdogo wake, na kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa kuwaambia.

Pole zikamiminika. Watu waliomsifu marehemu walikuwa wengi, na fundi akafurahi kidogo, kwa sababu walimsifu vizuri, kama watu waliomfahamu. Kisha mtu mmoja akauliza, "Samahani kwa kuuliza wakati huu. Kwa hiyo hisa zake hakuuza?" Mwingine akajibu, "Hakuuza mpaka anaingia kaburini. Huyo ndiye mwanaume." Na ikaingia sauti ya Mhasibu, nzito, ya pole pole, yenye majonzi ambayo huenda yalikuwa ya kweli.

"Ndugu zangu, Nanga ametuachia mfano. Alishikilia hadi pumzi ya mwisho. Tumuenzi. Msiuze."

Fundi aliisikiliza mara mbili. Alikuwa amedhani akisema ukweli, kaka yake atapumzika. Kumbe walikuwa wamemchimbua wakamsimamisha mlangoni awazuie watu wasitoke.

Akaandika, "Kaka yangu hakuuza kwa sababu alikufa. Mjane wake anauza Jumatatu."

Alitazama kioo cha simu akingoja. Mara yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Mhasibu alikuwa amemwondoa kundini. Pale chini hakukuwa na pa kuandikia tena. Ujumbe wa zamani wote ulikuwepo, na kicheko cha kaka yake kwenye picha kilikuwepo, lakini kundi lilikuwa kama chumba ambacho watu wamehama.

Jumatatu alimsindikiza. Ofisi ya dalali ilikuwa ghorofani, ina feni moja na kijana wa kike aliyeandika bila kutazama vidole. "Unauza kiasi gani, mama?" akauliza. Shemeji akasema, "Zote." Fundi alikuwa amesimama karibu na ukuta, ameshika kofia. Alisikia neno lile likipita, jepesi kuliko alivyotegemea, na alijikuta anageuka kutazama mlangoni, kama vile kuna mtu aliyetoka.

*

Duka lilifunguliwa bila mashine ya kutolea nakala. Shemeji alituma picha: rafu za upande mmoja, penseli zimepangwa kwa rangi, na yeye mwenyewe nyuma ya meza, amenyooka kama anapigwa picha ya pasipoti. Fundi alimwonyesha fundi vioo, aliyesema duka linahitaji kioo cha mbele na kwamba yeye angefunga kwa bei ya undugu.

Miezi miwili ikapita. Halafu bei ya hisa ikapanda, tena ikapanda kwa kishindo, na shemeji akapiga simu ya fundi mwenyewe.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hapa jirani amenitangazia mpaka kwa wateja wangu."

"Wanasema kuna kampuni kubwa inataka kuinunua."

"Wanaosema hivyo ni kina nani?"

Shemeji akacheka. "Umekuwa polisi siku hizi!" Kisha fundi alisikia watoto wakiulizia kifutio upande wa pili. "Mimi sijutii, usije ukakaa hapo ukajila moyo. Nalala vizuri. Ila kuna kitu nataka uniambie, na usiniletee habari za misumari."

"Niambie."

"Zile Jumamosi zote. Tusubiri, tusubiri. Wewe ulikuwa unasubiri nini?"

Mdomo wa fundi ulikuwa mtupu, na mkono wake ulizunguka juu ya meza ukitafuta kopo bila kulipata.

"Nilikuwa sitaki uhame," alisema.

Upande wa pili mtoto akaambiwa asubiri kidogo, kifutio kinaletwa.

"Hilo ungelisema," shemeji akasema mwishowe, sauti yake imeshuka, "ningekujibu siku ileile."

"Ungenijibu nini?"

"Ah, shemeji." Alicheka tena, lakini kicheko hakikufika mbali. "Hiyo ni bei ya jana. Soko limefungwa."

Akamwambia kuna wateja, amsalimie jirani, ajitahidi kula. Fundi akaitikia kila kimoja. Simu ilipokatika aliendelea kuishikilia sikioni kwa muda, akisikiliza, kama watu wa kundi walivyokuwa wakikisikiliza kimya cha Nanga.